Kutoga, tatuu na piko: namna ya kukaa na vijana ukawaeleza wasije wakaumia

Mwongozo huu nnauandika kwa yoyote anaesikilizwa na vijana, awe mwalimu wa skuli, kocha wa timu ya mtaa, shangazi mtu, somo anaefunda maharusi, au dada mkubwa tu ambae wadogo zake wanamwambia mambo wasiyomwambia mama. Si lazima uwe daktari. Unahitaji kujua mambo kidogo na uwe na ulimi mzuri, mana kwenye hili ulimi ndo unaoharibu.

Nnachokiamini mimi nakisema mapema: kinachowaumiza zaidi vijana wetu ni siri. Mtoto anatogwa kitovu chumbani kwa rafiki yake, kikianza kutoa usaha anakifunika kwa dera, homa ikipanda anasema malaria, mama anakuja kujua mtoto keshavimba tumbo. Kwa hiyo kila hatua hapa chini lengo lake ni kijana aweze kusema, kabla na baada.

Na tusijifanye kama jambo hili limeletwa na watalii. Bibi zetu wametogwa masikio matundu kwa matundu, kipini cha pua kipo tangu zamani, hina na piko (ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono na miguu) hakuna harusi bila yake. Tatuu ndo ngeni kidogo, lakini nenda Nungwi, nenda Paje, huku Unguja kwenye pwani za watalii, utawaona vijana wanaofanya kazi hoteli na mapapasi, wale wanaowazungukia wageni, wanazo, wengine wamechorwa maskani na mwenzao mwenye mashine ya kuunga unga mwenyewe.

HATUA YA 1: Wagawe, na suala la dini lipange pahala pake

Wasichana kando, wavulana kando. Mambo ya kitovu, ulimi na sehemu za ndani hakuna msichana atakaeuliza mbele ya kaka zake. Wazee wao wasiwepo, walimu wa nidhamu wasiwepo, na simu za kupigia picha ziwekwe. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, magharibi iwakute mshamaliza.

Dini. Hapa ndo wengi tunakosea mwanzo. Kila kijana wa Unguja na Pemba keshasikia chuo cha Kurani kwamba tatuu haifai, humwambii kipya. Ukianza na hilo utapata vichwa vimeinama na midomo imefungwa, na yule alokwisha kuchorwa ndo atavuta mkono wa shati chini zaidi. Mimi sisemi liachwe, nasema sheikh au ustadhati aje siku yake, azungumze kwa nafasi yake, watu watamsikiliza. Siku yako wewe ni ya sindano na damu. Na waambie wazi tangu mwanzo: alokwisha kutogwa au kuchorwa hapa hafokewi wala hapelekewi khabari zake nyumbani, isipokuwa akiwa anaumwa wa kufa, hapo tutakwenda pamoja.

HATUA YA 2: Waoneshe, usiwahubirie

Maneno "maambukizi" na "virusi" wameshayasikia mpaka yamewachosha. Fanya hivi. Chukua rangi nyekundu ya chakula, hii ya kutilia keki, kifuniko cha chupa chenye maji, na sindano ya cherehani. Chovya sindano kwenye rangi, ifute kwa kitambaa mpaka ionekane safi, kisha ichovye kwenye kifuniko chenye maji. Maji yanageuka rangi, kidogo, lakini yanageuka. Rudia mara kadhaa uone. Sasa wambie hiyo nyekundu ni damu ya aliyechorwa kabla yako, na maji hayo ndo wino ambao mchoraji kachovya kwa yule na sasa anachovya kwako. Hata akibadilisha sindano, ikiwa wino ni ule ule wa kwenye kikopo, damu ya mwenzio imo. Uliza nani yuko tayari kuchorwa kwa wino huu. Utasikia kelele, na kelele hizo ndo somo limeingia.

Baada ya hapo watataka hesabu, wape. Tunazijua kutokana na wafanyakazi wa hospitali waliojichoma kwa bahati mbaya na sindano zilizotoka kwa wagonjwa: homa ya ini B kwa mtu asiyechanjwa inaweza kumpata mpaka 30 katika kila 100, homa ya ini C haifiki 2 katika 100, VVU karibu 3 katika 1000. Vijana wanaogopa ukimwi tu, hii B hawaijui, na hii ndo yenye nguvu, kirusi chake kinaishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwenye tone lililokauka ambalo hulioni kwa macho. Mtu anaweza kukaa nacho miaka hana dalili, baadae ini linaharibika au linapata saratani.

Hapa hapa uingize wembe. Chale za mganga, wembe wa kinyozi, sindano moja ya kutogea watoto wa nyumba nzima siku ya Idi, njia ni ile ile moja. Nimeona kijana anaicheka tatuu ya mwenzake na yeye kifuani ana chale alizochanjwa kwa wembe uliopita kwa watu kadhaa. Lakini lieleze taratibu, usimtukane mganga wa mtu.

HATUA YA 3: Chanjo

Fupi hii. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa baada ya hapo wamepata wakiwa wadogo, waambie wakaangalie kadi za kliniki kama mama kaziweka. Wakubwa zaidi, au asiyejua, aende akapimwe, akiwa hana ugonjwa achanjwe, ni sindano 3 ndani ya miezi 6. Pepopunda nayo waulizie. Homa ya ini C na VVU hazina chanjo, huko kinga ni sindano safi tu.

HATUA YA 4: Wafundishe kuuliza, na wafundishe kuondoka

Hii ifanyeni kama mchezo, mmoja awe mtogaji au mchoraji na mwengine mteja. Mteja aangalie na aulize haya:

Sindano iko wapi? Inataka itoke kwenye pakiti mbele ya macho yangu, haijafunguliwa. "Nimeshaisafisha" si jibu.

Wino unamiminwa kwenye kikopo kidogo kipya kwa ajili yangu, ukibaki unamwagwa. Sio uchovye chupani.

Glavu mpya, na kama kashika simu au kapokea pesa nazo, abadilishe. Hili wengi hawalioni, mtu kavaa glavu vizuri halafu anajikuna kichwa nazo.

Vifaa vinavyorudiwa vinasafishwaje? Jibu sahihi ni kwamba vinaoshwa kwanza halafu vinatiwa kwenye ile mashine ya mvuke kama ya hospitali, otokilevu, joto la nyuzi 121 kwa robo saa au zaidi, ndani ya mgandamizo. Kuchemsha kwenye sufuria kunaua vingi lakini sio vyote. Kupitisha sindano kwenye moto wa kibiriti kunaacha masizi na hakuna uhakika. Spiriti na jiki vinasafisha juu juu, havigeuzi sindano iliyotumika kuwa mpya. Na dawa yenyewe nayo inaweza kuwa chafu: mwaka 2000 kule Oregon, Marekani, watu walitogwa masikio sehemu ya juu kwenye kibanda kimoja cha kuuzia vito, 7 wakathibitika kupata bakteria mbaya kwenye mfupa laini wa sikio, walipochunguza wakawakuta bakteria wenyewe kwenye chupa ya dawa ya kupulizia, ile ile ya kusafishia!

Ile bunduki ya kutogea, tyaa! mara moja imekwisha, ni ya ncha ya sikio tu chini kwenye nyama, na hata hapo mimi siipendi, nyingi ni za plastiki haziingii kwenye otokilevu na haina ukali, inasukuma hereni kwa nguvu. Pua na mfupa wa sikio wasikubali kabisa.

Chuma gani? Ikiwa ni dhahabu iwe nzuri ya kwa sonara, sio ya kupakwa, au titani ya kutilia mwilini. Hereni za bei rahisi nyingi zina nikeli, ngozi inawasha, inatoa maji, mtu anadhani kidonda kimeoza kumbe ni chuma kimemkataa. Wale wanaotia kijiti cha chelewa ili tundu lisizibe, waambie kijiti hakitakasiki na kinabakisha nyuzi ndani.

Sasa kuondoka. Kijana wetu kalelewa na adabu, akishakaa kwenye kiti anaona haya kuinuka, atasema nshamsumbua kaka wa watu. Mpe maneno ya kusema mdomoni, ayarudie mpaka yawe mepesi: "Samahani kaka, leo nimeghairi, nitakuja siku nyengine." Basi. Hadaiwi sababu. Na kama ni pwani usiku, mmelewa au mnashawishiana kundi zima mchorwe sawasawa, jibu ni hilo hilo. Walio chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 bado ni watoto, mchoraji anaekubali kumchora bila ya mzee wake kujua huyo hata usafi wake usiuamini.

HATUA YA 5: Piko, na hapa kaa sana

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kufundisha Zanzibar nitachagua hili, mana tatuu ni ya wachache lakini piko ni ya kila nyumba. Watu wanaiona kama hina nyeusi, dada yake hina. Sio. Hina ni majani yalosagwa, rangi yake huanza ya chungwa ikaenda kwenye wekundu wa kahawia, na inataka ikae masaa. Piko ni dawa ya kutia nywele rangi, ndani yake muna kemikali inayoandikwa PPD kwenye boksi. Kwenye nywele Ulaya wanaruhusu isizidi 2 kwa 100 ikishachanganywa, na kwenye ngozi wamekataza kabisa. Hizi za kuchorea zilipopimwa kuna zilizokutwa zimepita 10 kwa 100. Na sisi tunampaka biharusi mikono mpaka kiwiko na miguu mpaka gotini.

Inavofanya ni hivi. Wengine hawapati kitu miaka na miaka, ndo mana utaambiwa "mbona mimi napaka tangu mdogo". Mwengine mwili unaikataa, ua lile lile alilochorwa linainuka, linawasha kama moto, malengelenge yanajaa maji yakifuata mchoro mstari kwa mstari, yakipona yanaacha alama nyeupe au kovu. Anaepaka mara ya kwanza inaweza kuchukua wiki moja, mbili, hata tatu ndo ikatokea, kwa hiyo harusi ishapita na hakuna anaehusisha. Alokwisha kukataliwa mara moja, ya pili inamtoka ndani ya siku moja mpaka tatu na huwa kali zaidi, na kukataliwa huko hakuondoki, ni maisha. Rangi za nywele zote zenye PPD haziwezi tena, na wengine wanakuja kupata tabu na baadhi ya dawa za ganzi na rangi za nguo nyeusi. Mtoto wa miaka 10 alopakwa piko ya Idi anaweza kuja kulipa akiwa mtu mzima anataka kutia nywele rangi tu.

Namna ya kuijua, wafundishe wasichana na wafundishe pia wale wanaowachora watalii pwani, mana mgeni akirudi kwao na malengelenge jina linaloharibika ni letu: kinachotoa weusi mtupu ndani ya saa moja, sio hina. Anaesema "hii ni hina nyeusi ya asili" muombe boksi. Hakuna boksi, hakuna kupaka.

Nini badala yake? Hina nzuri iliyokandwa na ndimu na mafuta mazuri ikikaa usiku kucha inatoa wekundu wa kuiva ambao kusema kweli mimi nnauona mzuri kuliko weusi, lakini biharusi atakwambia maua mekundu peke yake hayaonekani kwenye picha, na somo atamuunga mkono. Msigombane. Mwambie kama lazima, basi isiwe kwa watoto, isiwe kwa aliyewahi kuwashwa na rangi ya nywele. Jaribio la tone dogo nyuma ya sikio wengine wanalipendekeza, mimi silipendi, tone lenyewe linaweza kuuzoesha mwili kukataa.

Vitoto vichanga visipakwe hata hina safi. Wapo watoto damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na kwetu huku sio nadra, hina ikipita ngozini inaweza kuvunja damu mtoto akageuka manjano.

HATUA YA 6: Pahala pa mwili na nani asubiri

Ncha ya sikio inapona wiki 6 mpaka 8. Pua miezi 4 mpaka 6. Mfupa wa sikio na kitovu miezi 6 mpaka mwaka, na wasichana wanadhani wiki mbili! Waambie hilo tu, nusu yao wataghairi kitovu. Ulimi unavimba na chuma kinavunja meno. Tatuu juu inafunga wiki 2 mpaka 4.

Waulize nani kwao kuna watu wenye makovu yanayofura yakawa makubwa kuliko kidonda chenyewe. Ngozi zetu nyeusi zinayo zaidi, na masikio yanayapenda hasa. Akiwa nayo mama au kaka, afikiri sana. Mwenye sukari, selimundu, ugonjwa wa moyo, anaekunywa dawa za kupunguza kinga, na mjamzito, amuone daktari kwanza.

Na wavulana wenye ndoto ya sare: matangazo ya kazi za Polisi huwa yanataka mtu asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Kufuta ni kwa leza, mara nyingi nyingi, ghali, na haifutiki yote. Anaejichoma kwa asidi au pasi ili aifute anapata kovu baya kuliko tatuu.

HATUA YA 7: Kuuguza

Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni, daima. Tundu jipya linasafishwa kwa maji ya chumvi ya dripu kutoka famasi, au uchemshe maji, yapoe, kikombe kimoja cha robo lita na robo ya kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto. Mara mbili kwa siku yatosha. Hereni isizungushwe zungushwe, tulivyoambiwa na bibi tuizungushe asubuhi na jioni isigande, kumbe kila ukizungusha unapasua ngozi ilokuwa inaanza kujenga. Tatuu ioshwe kwa sabuni isiyo na manukato, ikaushwe kwa kugusa gusa, mafuta mepesi kidogo.

Majivu, dawa ya meno, kahawa, mkojo, unga wa kidonge kilichofunguliwa, hapana kwa vyote.

Bahari ndo mtihani wetu. Usiogelee mpaka kidonda kifunge. Mwaka 2017 madaktari waliandika khabari ya kijana wa miaka 31 Marekani aliyeogelea baharini siku 5 baada ya kuchorwa tatuu ya mguu, bakteria wa maji ya chumvi akaingia, alikuwa na ini bovu, akafa. Ni nadra, lakini sisi bahari ni ya joto na ndo kwetu, kuna vijana kazi yao ni kwenye boti na kinamama wa mwani wanaingia majini kila maji yakitoka. Kazi ikiwa haiepukiki basi achorwe au atogwe wakati hana kazi.

Udhu hauna tabu, maji safi ya mfereji yanayotiririka yanafaa, pitisha taratibu usisugue, halafu kausha. Mtandio ndo adui wa sikio la juu: pini zinanasa, kitambaa kinabana, jasho linakaa. Nyumbani avue, mtandio uwe laini na ubadilishwe kila siku, foronya nayo.

HATUA YA 8: Lini wakimbie, na wapi

Wekundu au weusi unaotanuka badala ya kupungua, joto, usaha wa manjano au kijani, maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu, mstari unaopanda kwenye mkono au mguu, homa, kutetemeka. Taya kukaza ni dharura. Sikio la juu likivimba na kupoteza umbo usingoje kesho, mfupa ule ukioza haurudi. Hereni asiivue mwenyewe ikiwa kuna usaha, tundu likifunga usaha unabaki ndani, aiache daktari aamue.

Kituo cha afya cha shehia kinatosha kuanzia. Ikizidi, Unguja kuna Mnazi Mmoja, Pemba kuna Chake Chake, Wete, na Abdalla Mzee pale Mkoani. Kama anashuku sindano ilikuwa ya mtu mwengine, kuna dawa za kuzuia VVU zinazoanzwa ndani ya masaa 72 na kumezwa siku 28, kila saa ina maana, kwa hiyo asikae kutafuta namna ya kumwambia baba, aende kwanza. Mwambie aseme ukweli kwa nesi: "nimetogwa kwa sindano ya mtu." Ukiweza mfuate, wapo wahudumu wanaomfokea mtoto mbele ya watu na akifokewa mara moja harudi tena.

HATUA YA 9: Maliza kwa vikaratasi, halafu rudi

Wape vikaratasi na kalamu za rangi moja, kila mtu aandike kitu, hata asiye na suali aandike jina la timu yake, ili asijulikane nani kauliza. Wataandika mambo yatakayokushangaza. Usilolijua sema utauliza, na ulete jibu kweli. Waachie namba ya mtu mmoja wa kituo cha afya alokubali mwenyewe kupigiwa.

Tarehe ya kurudi ipange kwa piko. Kama umewafundisha kabla ya Idi au msimu wa harusi, rudi wiki mbili au tatu baadae, ndo muda ambao walopaka mara ya kwanza na mwili ukaikataa piko wanaanza kutoka malengelenge, na uwaombe wote waoneshe mikono, sio yule mmoja unaemshuku.